Jairokopta Yangu na Mdogo Wangu

"Nati mpya ziko wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Hizi za zamani bado nzima, dada."

Kitabu cha maelekezo kilikuwa wazi mezani. Nilikuwa nimeupigia wino mwekundu mstari unaosema kwamba nati ya kujifunga, kama hizi, ikishafunguliwa haishiki tena sawasawa na haitumiki. Kwa mwaka na miezi saba nilikuwa nikijenga jairokopta kwenye banda la nyuma ya nyumba: kichombo cha kuruka chenye viti viwili, injini nyuma, na juu pangaboi refu linalozungushwa na upepo tu kinapokwenda mbele. Kilikuja kimefunguliwa vipande vipande, masanduku tisa. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuelewa maelekezo, kumbe ilikuwa mdogo wangu.

Yeye ni fundi wa malori, na gereji nzima inamwita Injinia. Jina limemwingia kichwani. Mkaguzi wa vyombo vya anga, ambaye bila sahihi yake hakiruki, alikuwa ameshatukatalia mara mbili. Kwanza alikuta Injinia amekaza boliti za mlingoti unaobeba pangaboi kwa kukisia, bila spana ya kupimia mkazo. Mara ya pili akakuta kiti cha nyuma kimesogezwa inchi mbili, eti kikae vizuri. Uzito wote ulikuwa umehama, na aliyesimama pale akiona aibu ni mimi.

"Malori yangu yanabeba tani thelathini," alisema.

"Lori nati ikilegea, unaliegesha kando ya barabara. Hiki utakiegesha wapi?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikadhani ameelewa. Kisha akaokota nati ya zamani, akaipuliza vumbi, akaanza kuifunga.

Nikamnyang'anya spana, nikamtoa nje, nikafunga mlango.

Siku nne nilifanya kazi peke yangu, roho kwatu. Siku ya tano ikabidi nipandishe pangaboi. Nilijaribu kwa ngazi na kamba, likaponea chupuchupu kuanguka sakafuni. Nikameza kiburi, nikampigia simu.

Alikuja amenuna. Nikamtia kitabu mkononi. "Tukishalipandisha, wewe soma kwa sauti, mimi nafunga."

Alisoma kama anayejisomea hukumu. Katikati akasita.

"Dada, hapa wanasema uanze upande wa kushoto. Wewe umeanza kulia."

Alikuwa sahihi. Nilifungua zote, nikaanza upya kwa nati mpya. Hakucheka, na hilo likaniudhi zaidi.

Mkaguzi alipokuja mara ya tatu alizunguka saa mbili nzima, akatia sahihi. Injinia hakungoja kalamu ikauke, akapanda kiti cha nyuma na kujifunga mkanda.

"Tunaruka lini?"

"Rubani wa majaribio kwanza," mkaguzi akamwambia. "Saa arobaini angani, bila abiria."

"Arobaini? Mimi gari nalijaribu kwa kuzunguka mtaa mara moja."

Niliwaacha wakibishana, nikaenda kulala, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi.