Vidole Viwili Chini ya Futi

Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, na kwa kupima hakuwa na mpinzani. Ukienda kwake kushonewa gauni alikusimamisha wima, mikono chini, viatu vya siku yenyewe miguuni, kisha akakukemea: "Toa pumzi! Hilo tumbo unamfichia nani?" Akizungusha futi kiunoni, alipenyeza vidole viwili chini yake, ili ubaki na nafasi ya kupumua. Viwili tu. Vitatu ni gunia, alisema.

Ajabu basi, gauni la harusi la bintiye mwenyewe likatoka gunia. Binti alilijaribu chumbani, likamvuka mabegani na kuanguka miguuni. Mchumba wake, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alijifanya anacheka, kisha akatoka nje haraka.

"Nitalibana kidogo," mama alisema. "Kitambaa chenyewe kinavutika."

Uongo mtupu. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza binti, na madaktari walishamwambia mama asitarajie mengi. Alisikia vizuri. Lakini kila alipompima, mkono ulimsaliti: chini ya futi aliingiza ngumi nzima, na ndani ya mishono akaacha kitambaa cha akiba, cha kufumulia siku mwili utakaporudi.

"Mama, nipime upya."

"Utanenepa tu, mwanangu. Nikibana leo, kesho nifumue?"

"Unampima yule wa zamani, mama. Yule hayupo tena. Anayeolewa Jumamosi ni mimi."

Mama akamwambia basi alale, ampime palepale kitandani asije akachoka.

Binti akatabasamu. "Aliyelala anapimwa na seremala, mama. Wewe ni fundi cherehani. Nisimamishe."

Maneno hayo yalimkata maini. Akamwinua, akamvisha viatu vya harusi, binti akamshika bega ili asiyumbe. Futi ikazunguka kiuno. Vidole viwili. Mama akaisoma namba, akaisoma tena, maana aliijua: ndiyo aliyotumia kumshonea sare yake ya kwanza ya shule.

"Toa pumzi," alisema kwa mazoea.

"Nimeshatoa, mama."

Akaitaja namba kwa sauti, kama anavyowatajia wateja wote. Akamketisha binti, akaligeuza gauni nje ndani, akapiga mstari wa chaki. Kisha akachukua mkasi, na huku akilia bila kujificha, akaikata akiba yote.