Siku ya Pili ya Kuacha

Fundi friji alijulikana mtaani kwa mambo mawili: hakuna friji iliyomshinda, na hakuna asubuhi aliyoianza bila kunywa. Miaka kumi na moja. Bila glasi ya kwanza mikono ilimtetemeka mpaka bisibisi ikakataa kukaa kwenye skrubu.

Mkewe alipoondoka na binti yao, fundi alikwenda kwa dada yake, mshonaji wa sare za shule.

"Dada, nifungie chumbani. Usinifungulie hata nikilia."

Dada akamfungia, kwa nia njema kabisa. Siku ya kwanza fundi alitapika na kutoka jasho. Siku ya pili, saa nne asubuhi, dada akiwa kwenye cherehani alisikia kishindo. Alimkuta sakafuni anarusha miguu, povu mdomoni. Majirani wakasaidia kumbeba hadi hospitali.

"Nani alimwambia aache ghafla?" daktari aliuliza.

"Sisi wenyewe. Tulidhani ni kujikaza tu."

"Mwili uliozoea pombe namna hii, ukiunyima ghafla unaweza kufa. Hapa hatujikazi kisabuni, mama."

Alilazwa siku sita. Alipewa dawa za kumtuliza, dozi ikipunguzwa kila siku, na vitamini. Siku ya kuruhusiwa daktari aliwaketisha wote wawili.

"Pombe imetoka mwilini, kichwani bado ipo. Kuna nyumba ya kupona, unakaa huko miezi mitatu. Au unabaki nyumbani, unakuja kwa mshauri mara tatu kwa wiki, na jioni unakaa na kikundi cha walioacha. Kote kuwili kuna vidonge vya kupunguza hamu."

"Ipi bora?" dada aliuliza.

"Ile atakayoifuata."

"Nyumbani," fundi alidakia. "Nikipotea miezi mitatu wateja watanikimbia."

Dada alimkata jicho.

Wiki tano hakukosa hata mara moja. Ya sita aliitwa kutengeneza friji ya baa. Friji ni friji, alijiambia. Alipomaliza, mwenye baa akamfungulia chupa ya shukrani. Alirudi kwa dada siku tatu baadaye, na kiatu kimoja.

Alitegemea matusi. Dada alizima cherehani.

"Umekula?"

"Hapana."

"Kula, twende kwa daktari. Leo hatuchagui kwa kuogopa wateja."

Daktari hakushangaa. "Kuteleza hutokea. Maana yake ulihitaji msaada mkubwa zaidi, si kwamba huponi."

Akarudi wodini siku chache, kisha nyumba ya kupona. Huko walipika kwa zamu, na kila asubuhi walikaa duara na kusimulia. Fundi alipachukia. "Msiba usio na maiti," alimnong'oneza aliyekaa kando yake, mwalimu mstaafu. Wiki ya tatu akafungua mdomo.

"Binti yangu ana miaka saba. Kabla ya kuniamkia, hunusa mdomo wangu kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisogeza kiti chake karibu.

Sasa ni miezi kumi tangu atoke. Kazi za baa hazichukui, vidonge anameza, kila Jumanne yuko kwenye kikundi. Mkewe hajarudi, ila Jumamosi humleta binti kwa shangazi yake.

"Mwaka ukitimia tutazungumza," mke alimwambia juzi mlangoni.

"Sawa," fundi alijibu, na hakumharakisha.