Robo Saa ya Jioni

Elin Norrby alisinzia huku anatafuna. Mkate mkavu wa shayiri ulikuwa bado mkononi, macho yamefumbwa, na mwanga wa Juni ulikuwa umejaa mezani tangu saa nane usiku.

"Amka, binti," baba yake alimwambia taratibu. "Kengele ya kiwanda inakaribia."

"Sijalala, baba. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Sijui. Kulikuwa na maji."

Alijifunga kitambaa kichwani akatoka kwenda kiwandani kupanga mbao. Eskil Norrby, fundi saa pekee wa Ryvik, alimtazama akipotea katika mwanga uleule mweupe uliokuwapo jana jioni. Katika majira yale ya kiangazi cha kaskazini jua lilijificha kidogo tu nyuma ya misonobari, kisha likarudi. Watu walitembea kama wanaoota, na hakuna aliyeweza kutazama angani akajua kama kunakucha au kunakuchwa. Walitazama saa ya mnara wa kiwanda cha mbao.

Saa hiyo ilichelewa kila jioni. Eskil aliijua hitilafu hiyo kwa miaka mitatu na alikwisha kujitolea kuitibu mara mbili. Inspekta Ryding, msimamizi wa kiwanda, alimjibu kwamba inatosha hivyo hivyo. Leo ilikuwa imesimama kabisa, kwa hiyo Holm, mlinzi, alikuja kumwita.

"Ngazi ni themanini na mbili," Holm alisema wakipanda, akihema. "Magoti yangu yanazijua kwa majina."

"Unapanda kufanya nini kila siku?"

Holm aliongeza mwendo.

Huko juu, Eskil alivaa kioo chake cha kukuzia jichoni, akainamia mashine. Alitarajia unga wa mbao. Unga ulikuwepo, lakini mwepesi, hauwezi kusimamisha kitu. Jino moja la gurudumu lilikuwa limekatika, na ekseli ya mshale wa dakika imelika upande mmoja tu, kama kitu kinachosukumwa kinyume mara kwa mara. Ukingoni mwa gurudumu kulikuwa na mafuta ya vidole. Alama ya dole gumba ilionekana waziwazi, pana, yenye kovu.

Aliutazama mkono wa Holm. Holm akauficha mfukoni.

"Mimi natumwa tu, fundi. Baada ya chakula cha mchana, robo saa nyuma. Usiku naisogeza mbele tena."

Ryding mwenyewe alipanda saa nne, koti lake safi. "Holm anazeeka," alisema. "Nataka kamba itoke hapa hadi ofisini kwangu. Ya kuisaidia saa."

"Saa hii ukiiacha itakwenda vizuri bila msaada, bwana inspekta."

"Norrby, nyumba unayokaa ni ya nani?"

"Ya kampuni."

"Basi tunaelewana. Kamba iwe tayari jioni."

Alipobaki peke yake, Eskil alichonga jino jipya, akalichomelea, akasubiri lipoe. Joto la chini ya paa lilimlegeza. Misumeno ilinguruma mbali, kama iko chini ya maji. Alijilaza juu ya mbao, akaanza kuhesabu bila kutaka. Robo saa kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka mitatu ya Elin kiwandani. Zikikusanywa zilikuwa siku tisa na zaidi, usiku na mchana. Akaziona, moja moja, zikielea mbele yake: Elin akichuma matunda kinamasini, Elin ndani ya mtumbwi, Elin amelala fofofo na dirisha wazi.

Kisha akaiona jioni ya Septemba iliyopita. Mkewe mgonjwa kitandani, akiuliza, "Elin bado?" Yeye ameshika saa yake ya mfukoni: saa kumi na mbili na dakika tano. "Yuko njiani," alimwambia. Ilipofika dakika ya kumi, mkewe alikuwa amekata roho. Elin aliingia akikimbia, na tangu siku hiyo alikuwa anajilaumu kwamba alitembea polepole.

Eskil aliketi. Akarudisha gurudumu mahali pake, saa ikaanza kwenda. Kamba aliyoletewa aliiacha imeviringishwa sakafuni.

Jioni alikwenda kwenye uwanja wa mbao, akasimama kati ya malundo, saa ya mfukoni kiganjani. Mnara ulionyesha bado robo saa kufika kumi na mbili. Holm alikuwa amekwisha kupanda na kuirudisha nyuma.

"Fundi, umekuja kutuposa?" aliuliza Brita, mwanamke mkongwe kuliko wote pale. "Chagua haraka, mikono imejaa."

"Ni saa kumi na mbili, Mama Brita."

"Mnara unasema..."

"Mnara unasukumwa kwa kidole. Nimekiona."

Brita aliugeukia mnara, akautazama. Kisha akaweka chini ncha yake ya ubao, na mwenzake akaweka yake. Wengine walifuata, mmoja hapa, mmoja kule, wengine hawakuthubutu. Elin alibaki amesimama.

"Baba," alisema. "Hata siku ile?"

"Hata siku ile. Hukuchelewa wewe."

Elin hakulia. Alivua glavu zake za ngozi, akazipanga juu ya lundo kwa uangalifu, moja juu ya nyingine.

Ryding alikuja akitembea kwa hatua ndefu. Hakupaza sauti. "Jumamosi saa kumi jioni, Norrby, nataka ufunguo wa nyumba mezani kwangu."

"Saa kumi ya mnarani, bwana inspekta, au saa kumi?"

Brita peke yake alicheka.

Baba na binti walirudi kwa njia ya ufukweni, katika mwanga usiojua jioni. Elin alitia samaki wa chumvi mezani na maziwa ya mgando. Walikuwa wamekwisha kula nusu ya chakula wakati kengele ya kiwanda, inayofuata saa ya mnara, ilipolia, na hakuna kati yao aliyeinua kichwa.