Betri ya Nyuma

Siku Ving'ora alipoleta nyumbani gari la wagonjwa lililochakaa, mama yake alitoka ndani, akalizunguka mara mbili, kisha akauliza nani anaumwa.

Hakuna aliyekuwa anaumwa. Ving'ora alikuwa mwanamke aliyeendesha magari ya wagonjwa kwa miaka ishirini na sita, na jina lake la mtaani alilipatia huko huko. Hospitali ilipoamua kuyauza magari yaliyochoka, yeye mwenyewe akiwa ameshastaafu, alikwenda akachagua lile ambalo angeweza kulitambua kwa mngurumo hata akiwa amefumba macho. Alitaka kuligeuza liwe nyumba ndogo ya safari: kitanda upande mmoja, benchi na jiko la gesi upande wa pili, na friji ndogo nyuma ya kiti cha dereva.

Friji ndiyo iliyokuwa na maana kuliko vyote. Mama alikuwa akijichoma sindano ya insulini asubuhi na jioni, na dawa ile haipatani na joto. Mdogo wake, wa kike, aliishi mwendo wa siku mbili, na walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Mara moja walijaribu kwenda kwa basi, dawa wameitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Basi likaharibika njiani, barafu ikawa maji ya uvuguvugu, na Mama akarudishwa nyumbani kabla ya kufika hata nusu ya safari. Tangu hapo ndugu hao wakawa watu wa simu za Jumapili.

Kazi ya umeme aliichukua Mjomba bila kuombwa. Mjomba alikuwa mdogo wa kiume wa Mama, fundi simu mstaafu aliyepanda nguzo miaka thelathini, mtu wa kutembea na koleo kwenye mfuko wa shati hata akialikwa harusini. Ving'ora alipodokeza kwamba waya za simu na za gari huenda zikawa na tabia tofauti, Mjomba alimtazama kwa huruma, akamwambia umeme ni umeme, tofauti ni unene wa waya tu.

Kwa kuusikiliza, mpango wake ulikuwa safi. Betri ya pili ingekaa nyuma, chini ya benchi, ilishe friji na taa. Waya mnene ungepita chini ya sakafu mpaka kwenye betri ya mbele, ile ya kuwashia injini. Gari likitembea, alteneta, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri, ingezichaji zote mbili kwa pamoja. Alifanya kazi kutwa nzima, nusu ya mwili ikiwa ndani ya gari na miguu nje, na jioni friji ikanguruma kama paka aliyeshiba. Mama akaweka humo chungwa moja, la kufanyia majaribio.

Asubuhi chungwa lilikuwa baridi kweli kweli, na Mama alilila lote akiwa amesimama mlangoni. Lakini Ving'ora alipozungusha ufunguo, gari lilisema "tik", likanyamaza. Akajaribu tena. Tik. Mjomba alisema huenda stata, mota ya kuwashia injini, imechoka, kisha akaondoka kwenda kutazama kitu ambacho hakipo nyuma ya nyumba.

Ving'ora akaenda kumwita Fyuzi, fundi umeme wa magari mwenye karakana mtaa wa pili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele zimenyolewa chini, na sifa yake ilikuwa moja: alitazama kwanza, akagusa baadaye. Alifuatisha waya kutoka mbele hadi nyuma, akapima betri moja, akapima ya pili, kisha akamuuliza Mjomba kwa adabu ni kitu gani kinachozitenganisha injini ikizimwa.

Mjomba akajibu kwamba hakuna.

"Basi ndiyo hivyo, Mzee," Fyuzi alisema. "Waya haujui kwenda bila kurudi. Friji imekunywa betri ya nyuma, ikahamia kwenye ya mbele."

Alieleza kwamba panatakiwa rilei katikati: injini ikiwaka, inaziunganisha betri, ikizimwa, inazitenganisha, ili friji inywe betri ya nyuma tu, na ya kuwashia gari isiguswe. Tena panatakiwa fyuzi kila mwisho wa waya ule, karibu kabisa na betri, kwa sababu waya una betri huku na huku. Ukichubuliwa na bati huko chini, gari linaweza kuungua lote. Neno hilo la kuungua ndilo lililomwingia Mjomba. Aliketi juu ya ndoo ya rangi, akavua kofia, akasema yeye afadhali aende nyumbani, maana dada yake alikuwa alale ndani ya kitu kile.

Mama akamletea chai. Hakumbembeleza. Alimwambia anywe, akimaliza akamshikie fundi taa, na kama anataka kununa anune huku taa ameishika vizuri.

Kwa hiyo Mjomba akashika taa. Kufikia saa nane rilei ilikuwa imefungwa mahali pake, fyuzi zimekaa, na waya umevalishwa mpira pale unapopita kwenye tundu la bati. Betri ya mbele ilichajiwa karakanani, ikarudishwa, na gari likawaka mara moja. Kila mtu alitabasamu mpaka Fyuzi alipoinama na mita yake chini ya benchi. Mbele ilisoma volti kumi na nne na ushee, kama inavyotakiwa. Nyuma, kumi na mbili tu. Betri ya nyuma ilikuwa haichajiwi.

Fyuzi akashuku rilei, akaifungua, ikawa nzima. Akapima waya mnene dhidi ya bodi ya gari pale nyuma: kumi na nne na ushee, umeme unafika. Akaanza kuishuku betri yenyewe, ingawa ilikuwa mpya. Saa nzima ikapita hivyo. Mama alishaanza kusema kwamba hata kwenye simu mtu anaonekana siku hizi, na Ving'ora alijua mama yake anaposema hivyo anajiandaa kukata tamaa kwa heshima.

Mjomba, akiwa bado ameshika taa, akakohoa.

"Fundi, samahani. Sisi kwenye simu, laini ikikoroma, kabla ya kumlaumu mtu tulikuwa tunaangalia athi, waya wa kurudishia umeme."

Aliomba mita. Waya mmoja aliugusisha kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye bati tupu la bodi, injini ikiwaka. Pale palitakiwa pasome sifuri, kwa kuwa kichwa hicho kimefungwa kwenye bodi. Pakasoma karibu volti mbili. Fyuzi akachungulia, akatazama tena, halafu akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyefurahi.

Umeme ulikuwa unafika, ila haukuwa na njia nzuri ya kurudi. Ving'ora akashika spana, akafungua bolti iliyobana waya wa athi. Chini yake palikuwa na rangi, tabaka tatu za rangi nyeupe ya hospitali, na bolti imekaa juu yake kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti.

"Nani aliyeifunga hii?" Mama akauliza.

"Mimi," Mjomba akasema. "Jana. Fundi aliikuta, akaniamini."

Alisema hivyo akiwa amesimama wima. Akachukua msasa mwenyewe, akasugua mpaka bati likang'aa, akaibana bolti, akaipaka grisi dhidi ya kutu. Injini ikawashwa. Mita ikapanda: kumi na tatu na nusu, kumi na nne, na ushee kidogo. Fyuzi akampa mkono, akamwambia siku akichoka kukaa nyumbani, karakana ina kiti. Mjomba akajibu kwamba atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria.

Waliondoka Alhamisi, watatu, Mjomba akiwa amejialika kama mlinzi wa betri. Kila walipopumzika alikwenda nyuma kupima, akarudi kutangaza namba, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mama alikaa mbele karibu na bintiye, akisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti. Jioni alijichoma dawa baridi, akalala juu ya kitanda chake, na asubuhi gari likawaka kwa ufunguo wa kwanza.

Walifika mchana wa siku ya pili. Mdogo wake Mama alikuwa nje ya geti, amevaa viatu vya kutembelea, sanduku liko miguuni. Wakakumbatiana muda mrefu, kila mmoja akimpapasa mwenzake mgongoni kana kwamba anahesabu mifupa. Kisha yule mdogo akaingia garini, akafungua friji, akakalia kitanda, akawasha taa, akazima. Alisema amefikiria jambo hili wiki nzima. Hapo nyumbani watakaa siku tatu, wale, walale, waongee. Halafu kwa kuwa nyumba yenyewe ina magurudumu, yeye haoni sababu ya kubaki.

Ving'ora alieleza kwamba kitanda ni kimoja, na usiku uliopita yeye alilala kwenye benchi, Mjomba kiti cha mbele.

"Kitanda kinatutosha sisi wawili," Mama alisema. "Tulilala kimoja utoto wote, na huyu alikuwa anapiga mateke."

Mdogo wake akasema aliyekuwa anapiga mateke ni Mama mwenyewe. Wakaingia ndani wakibishana, mkono kwa mkono, na Mjomba akabeba sanduku.