Risasi Ngumu

...zile zile, kasema zile zile, na Delmar hakugeuka, aliendelea kuengua uchafu ulioelea juu ya chungu cha risasi iliyoyeyuka, kijiko kinakwenda kinarudi, maana asiyesikia halazimiki kujibu, lakini Lavonne alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa banda, kavaa koti la marehemu mumewe Orrin, mdogo wake Delmar, mikono ya koti kaikunja mara mbili, na Lavonne hajawahi kuwa mtu wa kusema jambo mara moja akaliacha. “Shemeji, unanisikia? Msimu huu napanda mlimani mwenyewe. Bunduki yake ninayo, kibali cha kuwinda nimepata. Nitengenezee risasi hamsini tu, zile zile ulizomtengenezea Orrin.” Hamsini tu, kama mtu anayeagiza mikate... zile zile, na yeye Delmar anajua zilitoka wapi, zilitoka kwenye kiwanda cha gazeti la mjini siku walipofunga, ndoo tatu za herufi za madini ya uchapaji, herufi zilizogeuzwa nyuma mbele, mistari mizima bado imeshikana, majina ya watu waliooana na watu waliozikwa, akayatia yote chunguni yakazama bila sauti, antimoni nyingi, madini yanayoifanya risasi iwe ngumu, stani ya kutosha, ikatoka risasi inayong’aa kama kijiko kipya, ukiidondosha mezani inalia, na siku ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, yadi mia moja, matundu matano ya karatasi ukayafunika kwa kifuniko cha chupa ya bia, matano! Miaka thelathini alikuwa akihangaika na ile risasi laini ya baba yao, sehemu ishirini za risasi kwa moja ya stani, ukiongeza baruti kidogo tu inashindwa kushika mifereji ya mtutu, inateleza, inapaka utando ndani, na karatasi inaonekana kama imenyunyiziwa kokoto, na leo hii matano chini ya kifuniko, akaikunja karatasi ile akaiweka mfukoni mwa shati kama picha ya mjukuu... “Una homa, shemeji? Mbona jasho?” “Ni joto la chungu,” akasema. Orrin ndiye aliyeishika kwanza, akaikwaruza kwa kucha, akacheka kile kicheko chake cha puani, “Kaka, hii hata kucha haiingii. Sasa mnyama si atadhani kaumwa na nzi?” na yeye Delmar, mkubwa, mwenye vikombe saba vya shabaha kabatini, akamjibu nini, akamjibu, “Wewe ipeleke pahali pake, mengine niachie mimi,” mengine niachie mimi, Mungu wangu, maneno mepesi namna hiyo, kayasema huku anakunywa kahawa. Nyonga ilikuwa inamsumbua, hakupanda mwaka ule, Orrin akapanda peke yake, theluji ikashuka mchana wa siku ile ile, na siku ya tatu wakamkuta chini ya genge la mwamba, kalala ubavu kajikunja, glovu moja haipo... “Unajua wanavyosema dukani?” Lavonne alikuwa anasema, sauti imeshuka, “Hollis kasema mbele yangu, nimeshika maziwa mkononi, eti macho ya Orrin yalikuwa yamekwisha, kajeruhi mnyama kwa kupiga ovyo, halafu ubishi ukampeleka gengeni. Na mimi sikumjibu. Nimjibu nini? Mimi ndiye niliyemwambia akapime macho. Miezi kumi, shemeji, miezi kumi namkasirikia maiti. Naamka nimemkasirikia, nalala nimemkasirikia.” Miezi kumi, kijiko kikasimama, kwa sababu yeye Delmar alimwona yule elki, kulungu mkubwa aliyepigwa na Orrin, yeye peke yake, wenzake wanaomtafuta Orrin wako bondeni wanaitana, yeye na fimbo yake kafuata kunguru hadi juu kwenye misonobari, na hapo alikuwa amelala, dume kubwa, pembe kama mti mkavu uliong’olewa, akapiga goti akafukua theluji akapekua manyoya, tundu moja nyuma ya bega, pale pale alipowafundisha baba, usingeweza kuliweka vizuri zaidi hata kwa kidole, akamsukuma mnyama kwa nguvu zote hadi akaona upande wa pili, tundu la kutokea, dogo, dogo vile vile, kidole cha mwisho ndicho kingeingia, risasi ilipita kama sindano kwenye shuka, haikupanuka, haikuvunja kitu, ikamwacha mnyama atembee kilomita tatu anavuja taratibu, na nyuma yake mtu wa miaka sitini na moja anayefuata matone, kwa sababu Orrin hakuwa mtu wa kumwacha mnyama afe kwa mateso... na wewe ukafanya nini, Delmar, ukamrudishia theluji kwa buti, ukaisawazisha, ukawapigia kelele walioko chini, “Huku hakuna kitu!” Hakuna kitu. Na kwenye chakula cha mazishi Hollis kaanza, macho ya yule yalikwisha, viazi bado mdomoni, nawe ukatikisa kichwa, watu wakadhani ni huzuni. “Kwa hiyo nataka zile zile,” Lavonne anasema, “Orrin mwenyewe aliniambia zinakwenda unakozielekeza, na mimi sitaki kukosa kama yeye.” Lakini chunguni humu ni laini, risasi ya baba, tangu mazishi hajayeyusha nyingine, na klabuni wanamtania, mzee, siku hizi unapanda mbegu kwenye karatasi au unalenga, basi si ampe hizi, ammiminie hamsini laini, amwambie ni zile zile, atajuaje, macho yake hayajui rangi ya antimoni, mnyama atalala hapo hapo, yeye atashuka salama, nani kaumia... atashuka salama, ndiyo, atashuka na nyama na uso umekunjuka, ataingia dukani aseme mbele ya Hollis, mnaona, risasi ni nzuri, kumbe kweli kosa lilikuwa la Orrin, na hapo Orrin atazikwa mara ya pili, na safari hii mkewe ndiye atakayeshika koleo, na koleo kapewa na kaka mtu. Uchafu umeanza kutanda tena juu, mweusi, unakunjana, na Delmar anautazama, anaona kwamba kwa miezi kumi hakuwa akimlilia ndugu yake, alikuwa akiilinda karatasi yenye matundu matano. “Shemeji, utanitengenezea au niende kwa mtu mwingine?” Hakugeuka bado. Akakung’uta kijiko kwenye ukingo wa chungu. “Lavonne,” akasema, “yule dume nilimwona.” “Dume yupi?” “Wa Orrin. Alimpiga pale pale panapotakiwa.”