Fagio la Charlene

"Hicho kiatu kina kamba ngapi, Agatha?"

Aliyeuliza ni Isidore, shemeji yake, kutoka ngwe ya pili. Agatha Prosper alikuwa amepiga goti nyuma ya jiwe kubwa, akijifanya anafunga viatu kwa mara ya tatu tangu watu wanywe chai.

"Zinatosha kukuzunguka shingo," akajibu bila kuinua uso. "Subiri nije nikukabe nazo."

Watu wakacheka mteremko mzima. Agatha naye akacheka, maana angenyamaza wangejua. Ukweli ni kwamba mgongo ulikuwa umemgomea. Akiinama, kitu kilimchoma kiunoni kikashuka hadi kwenye goti, na akishainama, kuinuka kulitaka jiwe la kushikilia. Bahati yake, katika uwanda huu wa Maine mawe ni mengi kuliko watu.

Bluberi za mwitu, vitunda vidogo vya buluu, hazimhurumii mtu mrefu wala mzee. Mimea yake haivuki kifundo cha mguu. Reki ya kuvunia ni fupi, beseni la bati lenye meno marefu kama chanuo na mpini mdogo juu yake. Unainama mpaka pua inuse majani, unapitisha meno chini ya vijiti, unachana, unakunja kiwiko, beri zinabaki kwenye beseni. Halafu unarudia mpaka jua lichoke. Agatha alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu meno ya utoto hayajamtoka, kila Agosti, familia nzima ikishuka kutoka Cape Breton, ng'ambo ya mpaka, mara tu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Ana.

Asubuhi ile Lorne, mpwa wake, ambaye ndiye nyapara wa kikosi, alimfuata kabla kamba za kumgawia kila mvunaji ngwe yake hazijafungwa. Alikuwa amevua kofia, na Agatha akajua mara moja kwamba hakuleta habari njema.

"Shangazi, usinikasirikie. Jana tulikumalizia ngwe. Juzi tulikumalizia. Leo ikibaki tena, kesho itabidi uende kwenye mkanda."

"Mkanda!"

"Kwa wiki moja tu. Upumzike."

"Na Rozanna alikwenda kwa wiki moja tu. Sasa huu mwaka wa ngapi?"

Lorne aliangalia kofia yake. Hakuna asiyejua habari za Rozanna. Mkanda uko ndani ya banda kando ya barabara, unazunguka kutwa umebeba beri, na wanawake wamesimama pembeni wakichambua majani na vijiwe, masikio yamezibwa kwa pamba kwa sababu ya kelele za mashine. Hakuna anayezungumza. Hakuna upepo. Na hakuna mtu aliyewahi kupelekwa kwenye mkanda akarudi uwandani.

Uwandani ndiko Agatha alikojifunza matusi yote anayoyajua. Ndiko Noel, mumewe marehemu, alikokuwa akiisogeza kamba kila siku kidogo kidogo mpaka ngwe zao zikawa kama moja na watu wakamwambia amuoe tu awaondolee usumbufu. Kumtoa huko ni kumwambia aanze kuzikusanya nguo zake za kuzikiwa. Aliogopa, na kwa kuwa hakuzoea kuogopa, alijiona mgonjwa.

Sasa jua lilikuwa juu, na ngwe yake haijafika hata nusu. Mbele yake mteremko ulipanda umejaa mawe, na katikati ya mawe beri zimeiva mpaka zimekuwa na rangi ya usiku. Mashine za kampuni zilikuwa zimechukua viwanja vyote vya tambarare. Waliobakiwa na mikono walibakiwa na milima.

Akanyanyuka. Akatazama chini, kwenye lori, ambako mkwewe Charlene alikuwa ameketi juu ya kreti, kazi imekwisha, anatafuna mkate.

Hapa lazima niseme kuhusu fagio.

Charlene ni Mmikmaki kama sisi, wa kabila letu la wenyeji wa asili, ila alizaliwa Boston, akalelewa kwenye ngazi za ghorofa. Alipoolewa na mtoto wa Agatha na kuletwa uwandani mara ya kwanza, aliinama asubuhi moja tu, mchana akatapika, na jioni akaenda mjini akarudi na reki ya kusimamia: beseni lilelile, lakini lina mipini miwili mirefu, mtu anaitumia wima kama anayesukuma toroli. Agatha alipoiona alikaa chini kwa kicheko. "Jamani, mwanangu ameoa mfagizi!" alisema. "Charlene, ukimaliza hapa ukafagie na kambini!" Basi jina likanata. Fagio. Kila Agosti lilikuwapo. Charlene akichelewa wanamwambia anapiga deki. Akiwahi, Agatha husema ngwe yake haikuwa na mawe. Na miaka ya karibuni Charlene alikuwa akiwahi sana, ila hakuna aliyelisema hilo kwa sauti.

Agatha akashuka, mkono kiunoni. Njia ile fupi ilikuwa ndefu kwelikweli.

"Umemaliza mapema," akasema.

"Nimemaliza."

"Ngwe yako ilikuwa na mawe machache."

Charlene akameza tonge. "Mama, umeshuka mteremko wote huu uje kunihesabia mawe?"

Reki ilikuwa imeegemezwa kwenye gurudumu la lori, mipini yake inang'aa kwa jasho la miaka. Agatha aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Nataka kuazima hilo fagio lako."

"Fagio?" Charlene akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Fagio nimeliacha kambini nyuma ya mlango. Huku porini unataka kufagia nini?"

"Charlene, unanielewa."

"Sikuelewi, mama. Miaka yote hii sijakuelewa."

Juu mteremkoni reki zilianza kunyamaza, moja baada ya nyingine. Palipo na mkwe na mama mkwe, sisi hatuhitaji redio.

"Naomba reki," Agatha akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Ya nani?"

"Yako."

"Sijui kama Isidore amesikia."

"Nimesikia!" Isidore akapiga kelele kutoka juu. "Lakini arudie, sikio hili moja ni bovu!"

Damu ilimpanda Agatha usoni. Kwa kitambo alifikiria kurudi zake, ainame mpaka avunjike katikati, wamzike palepale na reki yake fupi. Halafu akaliona akilini lile banda, na Rozanna na pamba masikioni.

"NAOMBA REKI YAKO, CHARLENE!" alinguruma, na kunguru wakaruka kutoka kwenye miti ya pembeni. "Umeridhika? Au nipige na magoti?"

"Magoti hapana," Charlene akasema, akiinuka, akifuta makombo. "Nani atakuinua?"

Watu walivunjika mbavu. Na Agatha, ambaye alikuwa tayari kulia, akajikuta anacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu asubuhi.

Mwanzo haukuwa mzuri. Alipoisukuma reki mara ya kwanza iling'oa mmea na mizizi yake. Mara ya pili ilijikita kwenye jiwe, mipini ikamgonga tumboni. Isidore alikuwa akimwimbia wimbo wa kufagia aliouzua palepale. "Njoo na kwangu, mama wa usafi, kuna vumbi chini ya kitanda!"

"Chini ya kitanda chako kuna chupa tupu," Agatha akamjibu akihema, "na mkeo anazijua zote!"

Charlene alikuwa amesimama nje ya kamba, mikono kifuani. Hakugusa kitu. Angegusa hata kreti moja, ngwe ingehesabiwa kuwa imesaidiwa.

"Chana, usilime," akasema.

Agatha akasimama kama aliyepigwa. Maneno hayo yalikuwa yake. Ndiyo aliyomfokea Charlene siku ile ya kutapika, mbele ya wote.

"Mtoto wa watu," akanong'ona, "hivi umeyakumbuka."

"Chana, mama. Lete kwako, kunja, mwaga. Mgongo usiuambie kitu, kazi ni ya mabega."

Akachana. Meno yakapita chini ya vijiti kwa ule mlio wa mvua ndogo juu ya bati, akakunja, beseni likawa zito. Akachana tena. Kiuno kilingojea kuchomwa, hakikuchomwa. Akasonga hatua, akachana, akasonga. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Ilijua jiwe liko wapi kabla jicho halijaliona, ilijua beri za kivulini huachia kwa shida na za juani huachia zenyewe, na sasa ilikuwa imepewa mipini mirefu ya kuyasemea hayo yote. Kreti ikajaa. Nyingine ikajaa. Akawa anapanda mteremko wima, kofia nyuma ya kichwa, jasho linamtoka safi la kazi, si lile baridi la maumivu.

"Hee!" Isidore akasema, na wimbo ukamwishia mdomoni.

Wenzake walimaliza ngwe zao mmoja mmoja wakashuka kwenye lori. Yeye akaendelea. Jua lilikuwa limeinama na inzi weusi wametoka kula masikio ya watu alipofika kwenye kishimo cha mwisho kati ya mawe mawili, pale juu kabisa, mahali ambapo reki hujifanya haikuona. Akaingiza pembe ya beseni, akachana taratibu, akamwaga.

Lorne alikuwa akipanda nyuma yake, ameinamia ardhi akitafuta vichaka vilivyorukwa. Mpwa ni mpwa, lakini kwa ukaguzi huyo kijana hana shangazi. Alipekua pembeni mwa kamba. Alipekua kuzunguka mawe. Akafika juu, akanyooka.

"Safi," akasema. Kisha akageukia chini na kupaza sauti. "Ngwe ya Agatha, safi!"

Huko chini walilipiga bodi la lori kwa viganja, wakapiga miluzi, na Isidore alikuwa anapiga kwa nguvu kuliko wote. Furaha ilimjaa Agatha. Alitaka kuwatukana akakosa tusi.

"Kesho nikufungie kamba wapi, shangazi?" Lorne aliuliza.

"Pembeni ya Charlene. Na uniagizie reki kama hii. Mipini iwe mizuri, siyo ya kubabaisha."

Lorne akacheka, akavaa kofia, akaanza kuteremka.

Kila mwaka, akifika juu, Agatha alikuwa na desturi moja: kugeuka haraka aone amewaacha wangapi nyuma. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Ngwe zote zilikuwa zimekwisha, kamba zimelala juu ya majani matupu, yeye ndiye wa mwisho. Kwa kuwa nyuma hapakuwa na wa kutazamwa, akatazama mbele, upande wa pili wa mlima.

Mlima uliporomoka kuelekea kusini, misonobari ikapasuka katikati, na kwenye ufa ule palikuwa na maji. Yalikuwa mengi, yamelala mpaka mwisho wa macho, na visiwa vidogo vyeusi vimetawanyika juu yake, na mashua moja ya wavuvi wa kamba-mti inarudi polepole ikivuta mkia mweupe.

Alisikia viatu vya Charlene nyuma yake. Alikuwa amemletea koti.

"Charlene. Ile ni bahari?"

"Ni bahari."

"Tangu lini inaonekana kutoka hapa?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza, mama. Mlipokuwa chini kwenye lori mkinisubiri nimalize."

Agatha alipokea koti, akavaa mkono mmoja, mwingine akausahau. Kisha akasogea kidogo juu ya jiwe, ili nafasi iwatoshe wawili.

Huko chini lori likapiga honi. Likapiga tena.