Ng'ombe Amerudi Kwao

Nilipiga magoti kwenye tope la zizi la Ndassa, rula ya ubaoni mkononi, watu kama arobaini wamenizunguka kimya. Nikainua kichwa nikasema maneno ambayo Inspekta Makene huyasema kila riwaya inapokaribia kuisha: "Aliyekuja hapa namfahamu."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Tangu nizaliwe sikuwahi kutazamwa namna ile.

Ilikuwa mwaka 1995. Mimi, Anastazi, Mhangaza wa Ngara, nilikuwa nimepangiwa kufundisha Kiswahili huko Runazi, na nilikuwa nimeshachapisha riwaya mbili za upelelezi za huyo Inspekta Makene. Vilikuwa vijitabu vyembamba vyenye picha ya bastola kwenye jalada, ingawa bastola yenyewe sijaishika mpaka leo. Pale kijijini vilisomwa mpaka kurasa zikang'oka. Kwa hiyo maksai wa Ndassa alipotoweka, sungusungu hawakwenda kwa mganga wala kituoni. Walinifuata darasani, katikati ya kipindi, wakaniambia hii ni kazi yako, mwalimu. Maksai huyo aliitwa Bwanashamba, kwa kuwa alikuwa mnene na kulima hapendi.

Kwenye tope palikuwa na alama za katambuga, zile kandambili za tairi, na ya kushoto ilikuwa na msumari uliochomoza kisiginoni. Nikapima urefu, nikapima upana, nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha nikataka kila mwanamume aonyeshe mguu wake. Msumari ulikutwa kwa Havyarimana, mkimbizi wa Burundi, kibarua wa Ndassa, aliyekuwa akiishi na binti yake kwenye kibanda nyuma ya ghala.

Bila shaka nyayo zake zilikuwa pale. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Bwanashamba maji asubuhi na jioni. Mtoto wa darasa la pili angeliona hilo. Mimi sikuliona, maana watu arobaini walikuwa wananitazama.

Havyarimana alinisogelea akanisemesha kwa Kirundi, polepole, kama mtu anayezungumza na ndugu yake, maana Kihangaza changu na Kirundi chake vinasikilizana. "Mwalimu, ng'ombe amerudi kwao," aliniambia. "Alinunuliwa Nyakahura, kwa mzee Laurian. Tumeni mtu akaangalie."

Nilimwelewa neno kwa neno. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Ng'ombe naye ana kwao? Basi labda kaacha na barua."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Hakupigwa sana. Huwa najiambia hivyo, kwamba hakupigwa sana. Alichapwa bakora chache, akaambiwa jua lisizame akiwa bado Runazi. Mahindi yake aliyolima pembeni mwa shamba la Ndassa yalikuwa yameanza kubeba, akayaacha yamesimama. Nahimana, binti yake wa miaka kumi, alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu. Alijitwisha sufuria, na daftari la imla akalibana kwapani. Walipopita mbele ya nyumba yangu, baba alitazama chini, mtoto akasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikaitika.

Siku ya nne mzee Laurian aliingia kijijini na kamba mkononi, Bwanashamba nyuma yake, ameshiba. "Kijana wenu alikuja kunisalimia," alisema. "Nimeona nimsindikize." Ndassa alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe yule Mrundi alisema kweli," akasema, kisha akainuka kwenda kutafuta nira. Hakuna aliyenitazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile nilishukuru kutotazamwa.

Nilipata habari kwamba Havyarimana na mtoto wake walikuwa wakilala kwenye ukumbi wa parokia moja njiani, wakisubiri lori la kuwapeleka kambini. Baiskeli nilikuwa nayo. Ningetoka asubuhi, alasiri ningekuwa nimefika. Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi mvua ikanyesha. Jumapili nikaenda misani, nikapokea hata komunyo. Jumatano niliambiwa lori limeshaondoka, na aibu yangu nitaitoa yote hapa: nilishusha pumzi.

Riwaya ya tatu ya Inspekta Makene haikuandikika. Kila nilipomfikisha kwenye ukurasa wa kunyoosha kidole, kidole kilikataa kunyooka. Nilichana karatasi miaka mitano. Mwishowe nikaandika kitu kingine kabisa, kitabu cha kuchekesha, kuhusu maksai aitwaye Bwanashamba anayechoka kulima, anapanda mwezini kwa ngazi ya mvua, anafungua ofisi huko na kumwandikia bosi wake barua za kuomba likizo, ya mwisho ikisema tu: 'Ng'ombe amerudi kwao.' Hakuna mwizi humo. Hakuna anayetafutwa wala anayeshukiwa. Wasomaji wangu wa zamani waliniuliza damu imekwenda wapi. Nilikuwa nawajibu kwamba uzee umenilainisha, nao wakaridhika.

Kitabu kilipendwa kuliko vile vya bastola. Ndiyo maana mwaka 2012 nilialikwa kwenda kukisoma kwa watoto wa shule moja kule Kirushya. Nilishuka kwenye pikipiki nikiwa na shati jipya. Mwalimu wao alinipokea mlangoni, mwanamke kijana mwenye kitenge cha kijani.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, na mkono wangu ukabaki hewani.

"Marahaba, Nahimana."

"Kumbe unanikumbuka." Hakutabasamu, wala hakukasirika. Alinivuta pembeni, chini ya migomba iliyo nyuma ya darasa. "Niliolewa hapa. Baba alifariki kambini, mwaka wa pili. Nina swali moja kabla hujaingia kwa watoto. Nilipoona jina la Bwanashamba kwenye kitabu chako, halafu nikafika pale anaposema amerudi kwao, sikulala. Yule maksai alirudi?"

"Alirudi."

"Lini?"

"Siku ya nne."

Akahesabu kwa vidole. "Sisi tulikaa parokiani siku tisa," akasema.

"Nilijua."

Aling'oa kipande cha jani kavu la mgomba, akakikunja, akakikunjua. "Baba aliniapia mpaka siku anakufa kwamba hakuiba," akasema. "Nikawa namwitikia, ndiyo baba, ndiyo baba. Lakini moyoni nilijua ameiba. Mwalimu wangu alipima kwa rula."

Nilitaka kupiga magoti, na safari hii bila rula. Nilianza kusema neno nisamehe, na naona yeye hakulihitaji. Alidondosha lile jani chini. "Watoto wanasubiri," akasema. "Waambie yale maneno ya ng'ombe kurudi kwao ni ya nani."

Nikaingia. Nahimana alikwenda kukaa dawati la nyuma kabisa. Nilisoma ngazi ya mvua, nikasoma ofisi ya mwezini, watoto wakacheka kila mahali nilipopanga wacheke. Nilipofika kwenye maneno yale nikafunga kitabu.

"'Ng'ombe amerudi kwao,'" nikasema. "Maneno haya sikuyatunga mimi. Aliniambia mtu mmoja anaitwa Havyarimana. Ng'ombe alikuwa amepotea, watu wanamtafuta mwizi, na yeye peke yake ndiye aliyejua alikokwenda. Alisema kweli tupu."

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Daftari lake liliandikwa Happyness kwa kalamu nyekundu. "Na alipokwambia, mwalimu, wewe ulifanyaje?"

Nikamtazama Nahimana. Alikuwa ameweka mikono juu ya dawati kama wanafunzi wenzake, anasubiri jibu.

"Nilicheka," nikasema.

Darasa zima likaangua kicheko. Hawakuwa na kosa, walikuwa wameahidiwa kitabu cha kuchekesha. Nilisubiri wanyamaze, na walichukua muda mrefu.

"Endelea, mwalimu," Nahimana akasema kutoka nyuma. "Waambie na siku ya nne."